Mkwe mwenzangu ananidai Caprivi

Sijakaa vizuri kwenye kiti, mkwe mwenzangu alinitupia la kwanza. "Kumbe ni Mzanzibari kweli? Basi mimi nakudai. Nyinyi mlilipiwa kwa ardhi yetu."

Nikadhani ni utani wa ukweni, na kweli ulikuwa utani, lakini ulikuwa na mfupa ndani. Mwanangu akatazama chini akicheka. Mkazamwana wangu akaja haraka na chai kunusuru hali. Mzee mwenyewe, tabibu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Ndate, yaani baba, alikuwa ameegemea kiti akiningoja nijibu. Mimi mwalimu wa historia, miaka 27 skuli ya sekondari Unguja, sikuwa na jibu.

Nieleze kwanza nilifikaje. Mwanangu anafunga pampu za maji Zambia na huko ndiko alikooa, harusi ikafanyika Lusaka mwaka ambao mimi nilikuwa nimelazwa, nikakosa. Nilipostaafu nikasema lazima niende kwa wazazi wa binti, nisije nikafa wakwe hawanijui sura. Treni mpaka Kapiri Mposhi, basi mpaka Lusaka, kisha basi jingine kuelekea magharibi kilomita kama 600, katikati ya mbuga ya Kafue, mpaka Mongu. Mji wa mchanga na miembe. Mchanga wenyewe mwembamba na mweupe. Ungenifumba macho ukaniambia niko Paje ningekubali, ila bahari ndiyo haipo. Mahali pa bahari kuna bonde tambarare la mto Zambezi, nyasi mpaka macho yachoke, na kila mwaka mto hupanda na kulifunika lote.

Ndio nchi ya Walozi, Bulozi. Wazungu waliiita Barotseland.

Sasa deni. Kila mwalimu wa historia Tanzania amewahi kuandika ubaoni: Mkataba wa Heligoland, tarehe 1 Julai 1890. Ujerumani inakubali Uingereza iwe mlinzi wa Unguja na Pemba, inaachia na Witu, usultani mdogo wa pwani ya Kenya ya leo. Uingereza inaipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Wanafunzi huuliza kisiwa chenyewe kikubwa kiasi gani, nami huwaambia hakifiki hata Tumbatu, wanapiga kelele za hasira, kipindi kinachangamka. Halafu huwa nataja kitu cha tatu, mkono tayari umeshika dasta: "Na ukanda wa Caprivi." Nafuta ubao. Miaka 27 nimesema "na Caprivi" kama mtu anayetaja chenji ya dukani.

Caprivi ulikuwa mkia wa ardhi wenye upana usiopungua maili 20, waliokatiwa Wajerumani ili koloni lao la Kusini Magharibi, Namibia ya leo, liufikie mto Zambezi. Jina ni la Kansela wao, Leo von Caprivi. Waliota kushuka na mto hadi upande wa Bahari ya Hindi, kana kwamba chini kidogo tu hapakuwa na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, yanayomwaga mto mzima shimoni. Na watu waliokuwa wakiishi kwenye mkia huo walikuwa na mfalme. Alikaa Lealui, safari fupi kutoka kiti nilichokalia, na jina lake Lewanika.

Hilo ndilo lililonichoma. Si kwamba sikujua mkataba. Sikuwahi kuuliza chenji ile ilitoka mfukoni mwa nani.

Asubuhi ya pili tukaenda Lealui. Mkazamwana alinivika musisi, sketi pana ya kung'aa yenye kitambaa kingi kiunoni mpaka unatembea kama jahazi lenye upepo wa nyuma. Wanasema mshono ule ulianzia kwenye magauni ya wake za wamisheni. Agosti maji yameshashuka, ng'ombe wako bondeni, na Lealui imekaa juu ya kilima kidogo ambacho wakati wa mafuriko hugeuka kisiwa. Karibu na uzio wa kifalme watu wanapunguza sauti wenyewe. Tukapiga magoti, tukapiga makofi polepole, mimi nikiiga. Ndate akaninong'oneza kwamba zamani salamu ya mfalme ilikuwa ya kelele: watu wanasimama, mikono juu, "Yo sho! Yo sho!", wanapiga magoti, wanasimama tena. Mfalme huitwa Litunga. Maana yake ni ardhi, mwenye nchi. Waziri wake mkuu ni Ngambela, baraza lake ni Kuta, na kuna mkuu mmoja aitwaye Natamoyo ambaye mtu aliyetiwa hatiani akikimbilia kwake haguswi. Kusini, Nalolo, anatawala mwanamke wa ukoo wa kifalme, naye ana baraza lake na ngoma zake. Wakati wa Lewanika alikuwa dada yake, Matauka, na kwa simulizi nilizosikia huyo hakuwa mama wa kuchezewa.

Lewanika hakuzaliwa na jina hilo. Aliitwa Lubosi, alizaliwa miaka ya mwanzo ya 1840 ukoo wake ukiwa ukimbizini, kwa sababu Bulozi ilikuwa imetekwa na Wakololo, watu wa Sebetwane waliopanda kutoka kusini, nchi za Wasotho. Walozi waliwaangusha Wakololo mwaka 1864, ila lugha ya watekaji ikabaki, na ndiyo Silozi ya leo. Kilozi cha kale, Siluyana, kiko kwenye sifa za wafalme na mambo ya ikulu. Mimi nilikuwa nadaka neno moja moja: mutu, batu, mezi. Ukiwa Mswahili husikii lugha nzima lakini huwi mgeni kabisa.

Na hapa nitie la pembeni, maana nililiona kwenye daftari zangu nikiwa nimerudi nyumbani. Wakati wa hao Wakololo, miaka ya 1850, mfanyabiashara wa Zanzibar, Said bin Habib, alikuwa ameshafika huko, Livingstone alimkuta, naye Said akaendelea mpaka Luanda kwenye Atlantiki. Kwa hiyo mimi na musisi yangu hatukuwa wa kwanza.

Lubosi alipewa kiti mwaka 1878, baada ya wafalme wawili kuondolewa kwa nguvu. Mwaka 1884 naye akapinduliwa. Wakuu wakiongozwa na Mataa walimweka kijana, Tatila Akufuna, na Lubosi akaponyoka kukimbilia magharibi. Mwaka 1885 akarudi na jeshi, wakapigana, Mataa akafa, na yaliyofuata yalikuwa kisasi, si suluhu. Hapo ndipo akaitwa Lewanika. Ndate alinieleza mambo haya bila kupaka asali. "Alikuwa mkali," alisema. "Aliteka ng'ombe za jirani zetu Waila. Alikuwa na watumwa. Usiniandikie mtakatifu." Ahadi nimeitimiza.

Lakini mtu aliyewahi kulala porini akiwindwa na mawaziri wake hawezi kutawala kama aliyerithi kiti kwa utulivu. Mimi naamini ukitaka kumwelewa Lewanika uanzie kwenye ule mwaka mmoja. Kusini alikuwa na Wandebele, magharibi Wareno, na ndani ya Kuta walikuwemo watu waliomkimbiza jana. Mwaka 1886 mmisionari Mfaransa, François Coillard, alifika, akajenga kituo chake cha Sefula mwaka uliofuata. Alikuwa ametumika Lesotho, kwa hiyo lugha haikumpa tabu. Lewanika alimpokea, akasikiliza, akampa watoto wa kufundisha, ila mwenyewe hakubatizwa mpaka anakufa. Alichotaka kwa wageni alikijua: kusoma na kuandika, ufundi, na njia ya kumfikia Malkia wa Uingereza.

Jirani yake Khama, mfalme wa Bangwato huko Botswana ya leo, tayari alikuwa chini ya ulinzi wa Malkia na hakulalamika. Basi Januari 1889 Coillard akaandika barua kwa niaba ya Lewanika: tunaomba ulinzi. Barua iliomba serikali. Iliyokuja ni kampuni.

Juni 1890 yuko Lealui mtu anaitwa Frank Lochner, ametumwa na Cecil Rhodes wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini. Baraza likabishana kwelikweli. Wakuu wengi hawakutaka. Mjumbe wa Khama akasema kubalini, Coillard akasema kubalini, na Lochner akaacha ieleweke kwamba Kampuni na Malkia ni kitu kimoja. Ijumaa tarehe 27 Juni Lewanika akaweka alama yake. Kampuni ikapata haki ya madini na biashara nchi nzima. Yeye akaahidiwa pauni 2,000 kwa mwaka na ulinzi. Akatoa pembe mbili kubwa mno za ndovu apelekewe Malkia. Zikaishia kupamba chumba cha mikutano cha wakurugenzi wa Kampuni, London.

Ijumaa hiyo. Jumanne iliyofuata, Berlin, Waingereza na Wajerumani wakatia saini mkataba wangu wa ubaoni. Siku nne! Wino wa Lealui haujakauka, aliyeahidiwa kulindiwa nchi amekatwa kipande cha kusini, na kwa kipande hicho na kile kisiwa cha Heligoland, sisi tumetolewa mkono mmoja kutiwa mwingine. Lewanika hakuulizwa. Sultani wetu Ali bin Said naye alikuta mambo yamekwisha pangwa na wakubwa wawili. Nilimwambia Ndate hivyo, kujitetea. Akasema, "Basi wote tuliibiwa, lakini aliyekutwa na mali ni wewe."

Kabla mwaka haujaisha mfanyabiashara mmoja Mzungu, Middleton, akamfungua Lewanika macho: uliyempa nchi si Malkia, ni wauza hisa. Lewanika akamwandikisha barua ya kuukana mkataba. Haikumsaidia. Na Kampuni yenyewe, baada ya kupata karatasi, ikamsahau. Pesa hazikuja, mwakilishi hakuja, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Coillard akawa anatazamwa kwa jicho baya na wale wale waliomsikiliza. Lewanika akakaa na aibu yake mbele ya Kuta, kila siku, miaka saba. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoifikiria sana usiku. Yale mapinduzi yalimpata akiwa na upanga. Hapa hakuwa na wa kupigana naye, ila wakuu wake wakimtazama na kimya cha posta.

Mwaka 1897 akafika Robert Coryndon kuwa Mwakilishi Mkaazi. Wasomaji wangu wa Nairobi na Kampala jina hilo mnalo: ndiye aliyekuja kuwa Gavana wa Uganda mwaka 1918 na wa Kenya kuanzia 1922 mpaka alipofia Nairobi mwaka 1925. Makumbusho ya Taifa pale Nairobi yaliitwa Coryndon mpaka uhuru. Kazi ya kukaa juu ya mfalme wa Kiafrika aliianzia Lealui.

Ikaja mikataba mingine, 1898 na 1900. Kila ulipokuja mpya, alichobakiwa nacho kilizidi kupungua. Zile pauni 2,000 zikawa 850. Alichopigania bila kuchoka, na ambacho kwa kiasi alikipata, ni bonde lenyewe: eneo la katikati la Bulozi lisiguswe na wachimba madini wala walowezi. Ukisafiri leo ukaona mashamba makubwa ya walowezi yalivyotanda kwenye njia ya reli kusini mwa Zambia, halafu ukaja Mongu ukaona bonde bado liko mikononi mwa watu wake, utajua hakulala.

Mwaka 1902 akaalikwa London kutawazwa kwa Edward wa Saba. Akasafiri na Ngambela wake, Mokamba. Sherehe ilipangwa Juni, mfalme mwenyeji akaugua kidole tumbo, ikaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti, kwa hiyo wageni wakakaa. Ile sare ya admirali wa majini ambayo Litunga huivaa kwenye sherehe ya Kuomboka mpaka leo, yenye dhahabu mabegani na kofia ya manyoya, inasemwa ni zawadi ya Edward kwa Lewanika wakati huo.

Kuomboka mimi sikuiona. Nilikuja mwezi mbaya. Ni pale maji yanapofunika bonde, Machi au Aprili hivi, Litunga anahama na watu wake kutoka Lealui kwenda nchi kavu, Limulunga, jumba lililojengwa zama za mwana wa Lewanika. Usiku wa kuamkia safari hupigwa Maoma, ngoma kubwa za kifalme. Nimeoneshwa kwenye simu: Nalikwanda, chombo chenye mistari myeusi na myeupe, sanamu ya tembo juu ya kibanda, wapiga makafi kadhaa wamesimama wima na kofia nyekundu, moshi ukipanda katikati ili watu wa mbali wajue mfalme yu hai. Akiondoka Lealui huwa na vazi la kwao. Akishuka Limulunga ni admirali. Kwetu watu wangeshaandika makala kumi kwamba ni kasumba. Nilimuuliza Ndate haoni haya. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa mjuaji. "Mlinzi wetu alikuwa Mfalme wa Uingereza, siyo Kampuni. Sare hiyo ni risiti."

Basi nikanyamaza, maana ni kweli: yote aliyoyafanya Lewanika baada ya 1890 yalikuwa kupita juu ya kichwa cha Kampuni amfikie bosi wake.

Mwaka 1905 alipata kipigo kingine. Ugomvi wa mpaka na Wareno upande wa Angola ulipelekwa kwa Mfalme wa Italia aamue, naye akaamua. Tazama ramani ya Zambia upande wa magharibi: mpaka umenyooka kama umepigwa rula, mstari wa longitudo ya 22. Ng'ambo yake Lewanika alikuwa na watu waliokuwa wakimletea kodi. Miaka hiyo hiyo ikaanza kodi ya kibanda, na yeye akaahidiwa sehemu ya kumi ya makusanyo. Hapo simtetei. Mwenye kulipa alikuwa kijana wa kijijini aliyelazimika kutembea mpaka migodini kusini kutafuta hizo shilingi. Mfalme akapata gawio, kijana akapata vumbi la kifuani. Mwaka 1906 akatangaza mwisho wa utumwa, lakini walioachiwa waliendelea kudaiwa siku 12 za kazi ya bure kwa mwaka, na hizo zilikuja kuondolewa na mwanawe miaka ya 1920.

Kuna mambo yake ambayo hayamo kwenye mikataba na ndiyo yanayonifanya nimpende. Alikuwa fundi. Kwa mkono wake alichonga mbao na pembe, mabakuli yenye vifuniko, akahimiza mafundi wake wauze kazi zao kwa watalii wa Maporomoko. Alichimbisha mifereji bondeni, ya kupitisha mitumbwi na kukausha mashamba. Tulivuka mmoja, watoto walikuwa wanasukuma mtumbwi kwa upondo, nikaiona Chwaka kabisa. Wamisheni walipong'ang'ania Biblia kuliko Kiingereza na ufundi, akamuunga mkono Mokalapa, mwinjilisti Msotho aliyejitenga na kina Coillard. Akampa pesa akanunue mashua na magari ya kukokotwa Cape Town. Pesa zikapotea, na kanisa likafa. Mwaka 1907 ikafunguliwa skuli ya taifa lao kwa pesa iliyotokana na kodi. Huyo ndiye Lewanika: mlango huu ukifungwa anajaribu ule.

Alifariki tarehe 4 Februari 1916. Mwanawe Litia, aliyebatizwa, akatawala kwa jina la Yeta wa Tatu, na mwaka 1937 naye alikwenda London kwenye kutawazwa, akidai yale yale. Makaburi ya wafalme wa Kilozi yana mtunzaji, nomboti, na wafalme waliokufa bado huulizwa mambo. Sikuthubutu kuomba nipelekwe.

Jioni ya mwisho Ndate alichora ramani mchangani kwa fimbo. Hapa Lealui, hapa Sesheke, na hapa ng'ambo ya mto, Katima Mulilo, kwenye ule mkia. Wajerumani walichelewa mpaka 1909 kumpeleka ofisa wao wa kwanza huko, Streitwolf, na ndipo wakuu wa Lewanika walipoondoka. Leo ni Namibia, jina la Caprivi wameshalifuta tangu 2013, wanaita Mkoa wa Zambezi. "Sokoni wanaongea Silozi," alisema. "Shangazi yangu ameolewa huko. Akitaka kuja msibani anagonga muhuri."

Nilikuwa nimebeba zawadi: kanga doti mbili za mama wa binti, halua, na mfuko wa karafuu za Pemba, kilo nzima, za kaka yangu mwenyewe. Nikamkabidhi Ndate karafuu kwa mikono miwili na kupiga makofi kama nilivyofundishwa. Nikasema hili ni deni la Caprivi, sisi watu wa Visiwani tumelipa.

Akafungua, akanusa muda mrefu macho yamefumba. Akaufunga mfuko, akamwita mkewe auhifadhi ndani.

"Nitumezi," alisema, yaani ahsante. "Hii ni riba."